Ufunguo wa Maji ya Korbesa

Siku ya kwanza kazini nilifika ofisi ya mradi hapa Isiolo mjini nikiwa nimepiga viatu rangi kama mtu anayeenda harusini. Mratibu wetu, mama wa maneno machache, hakuuliza cheti. Aliuliza, "Ukame ukija, nani huumia kwanza?" Nikasema wote. Akatikisa kichwa. "Wote hawaumii pamoja. Kazi yako ni kumjua wa kwanza, na kuhakikisha anasikizwa."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka juzi: kusaidia jamii kupanga namna ya kuhimili ukame, na kupanga kwa haki. Ninyi vijana mna majina marefu yake. Sisi tulikaa chini na watu, tukachora mchangani kwa kijiti malisho yako wapi, maji wapi, nani huchota, nani huchunga. Kinna nilisuluhisha zamu za mfereji kati ya wakulima na wafugaji. Kisha nikapelekwa Korbesa, upande wa Merti, mimi Mturkana wa Burat kati ya Waborana, wakakicheka Kiborana changu mpaka nikazoea.

Korbesa kulikuwa na mvutano hasa. Wanawake walitaka kisima karibu, maana walitembea mbali na madumu mgongoni. Wazee wa dedha, baraza linalolinda malisho, walikataa katakata. Walisema malisho ya akiba yamebaki kwa sababu pale hakuna maji. Ng'ombe akipata maji hatoki, na nyasi ya kiangazi huisha kabla ya kiangazi. Wote walikuwa na haki, na hapo ndipo kazi hii inachosha roho.

Tulibishana msimu mzima. Mwishowe tukakubaliana kisima kichimbwe, lakini kiwe na bomba la madumu tu. Mifugo isinyweshwe mpaka wazee wafungue malisho. Mratibu alisisitiza ufunguo wa kisima ushikwe na mwanamke, na wanawake wakamchagua Mama Talaso, mjane asiyejua kupendelea mtu. Niliuliza kama tuwaachie nafasi ng'ombe waliodhoofika. Mratibu akasema, "Ukimfungulia mmoja, umeifungulia Merti nzima." Na hilo nalo, wacha niseme, lilikuwa kweli.

Ukame ukaja, mbaya. Godana, ndugu wa tumbo moja wa Mama Talaso, akarudi kutoka fora, zile kambi za mifugo za mbali, na ng'ombe waliobaki mifupa. Malisho yalikuwa bado hayajafunguliwa. Nilikuwepo. Hakupiga kelele; alimwomba dada yake kwa jina la mama yao. Mama Talaso aliushika ule ufunguo, machozi yakimtoka, akamwambia awapeleke mtoni, Ewaso Nyiro. Mimi nilisimama kando na kofia yangu ya mradi, nikatamani ardhi inimeze.

Ng'ombe wa Godana waliishia njiani. Wazee walipofungua malisho, nyasi ilikuwepo na mifugo ya watu ikapona. Wakubwa wakaja kutoka Nairobi, wakapiga picha, wakasifu. Godana hakuwa na hata ndama wa kupeleka malishoni.

Kwenye visima vya zamani vya Waborana kuna aba herega, mpanga zamu za kunywesha. Akikataa, wazee wamekaa naye pale pale, na mwenye hasira huwakasirikia wote. Sisi tuligawa maji, tukagawa nyasi, lawama tukamwachia mtu mmoja. Nimelisema hilo mikutanoni mara nyingi. Watu husikiliza, halafu chai huletwa.

Kabla ya kustaafu nilienda Korbesa kuaga. Mama Talaso alinipikia chai ya maziwa. Nikauliza habari za Godana. Yuko Isiolo, anapakia mbuzi kwenye malori. Dada yake akimtumia salamu, harudishi. Mama Talaso aliwahi kuwaomba wanawake wengine wamwondolee ule ufunguo, wote wakakataa. Nani anataka kuchukiwa na nduguye?

Nikamwambia kazi yangu imefika mwisho, narudi Burat kufuga kuku.

"Wewe umepumzishwa, Madam," akasema. "Mimi nitapumzishwa na nani?"

Nje wanawake walikuwa wamefika na madumu, wanamwita aje afungue.