Taa Zilizotazama Ukuta

Kila asubuhi, hapa Mbarara, nikifungua dawa ya meno, harufu ya mnanaa hunirudisha Rubondo, kwenye kambi ya wakimbizi, nyuma ya nyumba yetu ya udongo. Gari tulilokuja nalo kutoka Kongo lilikuwa limekufa injini. Watu walilisukuma hadi pale, pua ikakaribia kugusa ukuta, na halikutoka tena. Taa zake zilifubaa zikawa za njano kama kucha za mzee. Mkono wangu tu ndio uliopita kwenye ule mwanya, kwa hiyo kazi ya kuzisugua kwa dawa ya meno ilikuwa yangu.

Mama alimfokea baba: "Batoto banasugua meno na majivu, weye unapaka dawa ku taa! Motokari yenyewe haiende fasi yoyote."

"Siku bataita jina yetu ya kutoka mu hii kambi," baba akajibu, "tutaenda na taa za kiza?"

Nilisugua kwa kitambaa kibichi hadi bega likaniuma na taa zikang'aa. Baba akaazima betri ambayo jirani alichajia watu simu, akaniketisha kwenye usukani, akaunganisha nyaya. Miduara miwili myeupe ikawaka ukutani. Niliona hata mabua ndani ya udongo.

"Unaona barabara, mutoto yangu?"

"Naona, papa."