Mama Niliyemfuta kwa Jiki

Usiponiamini sitakulaumu, nimeshachoka kubishana na watu. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, barazani kwangu Magomeni, hapa Mtwara, jua likiwa bado linawaka. Sikuota, wala sikuwa na homa.

Kazi yangu ni kupaka hina maharusi. Binamu yangu Hamisi, anayetengeneza sinema Dar, aliniletea roli la filamu ya zamani, zile za utepe. "Dada, nichoree maua humu," akasema. "Mashine ikizunguka, ua litafunguka."

Mwepesi wa kusema! Picha zenyewe ndogo kama ukucha, zimepangana moja chini ya nyingine, na kila moja inataka ua lake, lililosogea kidogo tu kuliko la juu yake. Kwanza unaloweka utepe kwenye maji ya jiki mpaka picha ya zamani ibanduke kama utando wa maziwa. Unasuuza, unaanika kwenye kamba kwa vibanio, ndipo unachora kwa wino na rangi ya kucha. Mgongo uliniuma, macho yakawa mekundu. Nani angepata nguvu ya kutazama anachofuta?

Siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, nikasikia hodi. Alikuwa mama mmoja nisiyemjua, amejitanda kanga mpaka usoni. Nikamkaribisha mkekani, nikamuuliza kama anataka hina.

"Hapana. Nimetoka Mikindani kwa miguu, nimechoka. Nimekuja kukuomba. Mimi umeshanimaliza, basi mtoto niachie."

"Mtoto gani, mama?"

Akaiteremsha kanga. Wallahi, hapakuwa na uso. Si jeraha, si damu; ngozi tupu, laini, imepauka, na harufu ya jiki ikanijaa puani. Nikajivuta nyuma mpaka ukingoni mwa mkeka.

"Nakusikia unavyohema," akasema taratibu. "Niambie utamwacha."

"Nitamwacha," nikajibu.

Akakaa kidogo, kama mtu yeyote aliyetoka mbali, kisha akainuka, akapapasa ukuta mpaka kwenye kona. Nilipomfuata, hakuna mtu. Jirani yangu Mama Zuhura alikuwa palepale akikaanga maandazi. "Mgeni gani?" akashangaa. "Si ulikuwa unaongea peke yako?"

Nikauchukua utepe uliobaki, nikauinua kwenye mwanga. Kulikuwa na mtoto wa kike mlangoni mwa nyumba ya mawe, anakimbia, mikono juu, anataka kubebwa. Na wa kumbeba alikuwa kwenye kipande nilichokwisha kukifuta.

Kazi ya Hamisi niliiacha hapohapo, na mpaka leo hatuelewani vizuri. Kile kipande cha mtoto nimekifunga kwenye kitambaa, kiko sandukuni.

Mimi nami sikubaki salama. Nilikwenda kusajili laini ya simu, mashine ikakataa kidole baada ya kidole. Alama zimefutika. "Mama, unafanya kazi gani wewe?" kijana wa laini akaniuliza. Nikamwambia ni jiki. Lakini mkono wa kushoto sikuwahi kuuchovya kwenye jiki, na wenyewe uko hivyohivyo, laini kama kioo.

Kwa hiyo wewe ukiletewa utepe wa zamani, uinue kwanza kwenye mwanga, utazame kuna nani. Ukimkuta mtu, tafadhali, mwache alipo.