Mara Nne Kuzunguka Kanisa Dogo

Nina diploma mbili, na zote nilizipata Brussels, nikisoma baada ya kazi ya kufagia ofisi za watu. Ya kwanza ni ya umeme wa viwandani, ya pili ni ya ufundi wa mashine. Leo zimetundikwa ukutani katika karakana yangu hapa Bukavu, na wateja wengi huzisoma kabla hata ya kunisalimu. Hakuna mjomba aliyenilipia, hakuna mkubwa aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema kwa sababu kisa changu kinahusu kifaa ambacho fundi wa kiwango changu hakupaswa kushindwa nacho, yaani pedali ya baiskeli.

Wakati huo, nikiwa bado Brussels, nilitaka kuoa. Mchumba wangu alikuwa akiwahudumia wazee katika makao yao ya kutunzwa, na aliishi kwa wazazi wake mtaa wa Molenbeek. Nilipokwenda kujieleza kwa baba yake, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Lete mukubwa wako. Mie siongeake mambo ya ndoa na mutoto, hata akiwa na diplômes kumi."

Mkubwa wangu alikuwa nani Ulaya? Baba alikwisha kufa, na wajomba wote walikuwa Kivu. Alibaki mzee mmoja aliyetoka kilima kimoja na baba yangu, muuguzi mstaafu mwenye nyumba Etterbeek, ambaye sisi sote tulimwita papa, yaani baba. Nilimwendea nikamwomba anisemee. Akajibu kwamba hawezi kusimama mbele ya familia ya watu kumsemea mtu anayemjua kwa salamu za kanisani tu.

"Bon, kuya samedi," akaniambia. "Tutembee na baiskeli. Nikuone kwanza."

Papa ndiye aliyeongoza klabu yao ya baiskeli, watu kama kumi wa Kivu na Burundi, ambao kila Jumamosi asubuhi walitoka mjini kwenda mashambani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nilikua juu ya baiskeli. Haikuwa uongo mtupu. Nilikwenda shule kwa baiskeli miaka mingi, ila ilikuwa baiskeli ya chuma, yenye pedali bapa ambazo mtu huweka tu mguu juu yake.

Nilijua wanaklabu huvaa viatu vyenye kipande cha chuma chini ya soli, ambacho hunaswa na pedali ili mguu usiteleze. Nikanunua viatu hivyo pamoja na pedali zake. Mwenye duka alitaka kunionyesha namna ya kujinasua. Nikamwambia, "Monsieur, mimi ni technicien," naye akafunga boksi.

Nyumbani nilizifunga kwenye baiskeli yangu, nikaona kwamba kila pedali ina skrubu ndogo inayorekebisha nguvu ya springi. Nikazikaza hadi mwisho, pande zote. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kilicholegea katika mashine ndicho huleta ajali. Kisha nikajaribu kwenye korido, nikiegemea ukuta. Kiatu kilinasa vizuri. Nikapindisha kisigino nje kama karatasi ya maelezo ilivyosema. Hakikutoka. Nikapindisha tena mpaka goti likauma. Mwishowe nilifungua kamba, nikatoa mguu na kukiacha kiatu kikining'inia pale kama samaki kwenye ndoano. Ningeweza kulegeza skrubu saa ile ile. Sikulegeza. Nilijiambia springi ni mpya, itazoea njiani.

Jumamosi tulikutana Etterbeek. Mbali na papa, nawakumbuka wawili: maman mmoja mnene, mchangamfu, aliyebeba chai ya tangawizi na beignets, maandazi ya kwetu, kwenye kikapu cha baiskeli yake, na Mrundi mmoja mwenye duka la vitambaa, mwembamba kama fremu ya baiskeli yenyewe. Maman alitazama viatu vyangu vilivyong'aa.

"Eh! Champion amekuya," akasema. "Leo tutakula vumbi yake."

"Mutanifuata polepole tu, maman," nikamjibu.

Wote wakapanda kwa pamoja, na viatu vikalia kla, kla, kla. Nilikusudia kunasa mguu mmoja tu. Lakini papa alikuwa nyuma yangu akitazama, nami nikanasa yote miwili.

Katika klabu ile kiongozi hukaa mwisho, amevaa kizibao cha njano, ili asiachwe mtu. Kwa hiyo njia nzima macho ya papa yalikuwa mgongoni kwangu. Kwenye taa nyekundu ya kwanza wenzangu walitua mguu mmoja chini wakaendelea na mazungumzo. Mimi nilikimbilia nguzo ya taa nikaikumbatia. Taa ya pili nikashika kioo cha gari lililoegeshwa. Ya tatu haikuwa na cha kushika, nikajifanya nina haraka, nikazunguka kwenye njia ya waenda kwa miguu mpaka ilipowaka kijani.

"Huyu eko na moto," akasema Mrundi. "Hata kusimama hataki."

Nilicheka nao. Ndani nilikuwa nahesabu makutano yaliyobaki kabla ya msitu.

Watu hudhani mashambani kuna uhuru. Kwangu ilikuwa kinyume. Mjini kulikuwa na nguzo. Tulipotoka msituni tukaingia vijia vya Overijse, vyembamba, mahindi marefu kushoto na kulia, baiskeli mbele yangu umbali wa mkono mmoja, baiskeli nyuma umbali huo huo. Ukifunga breki unaangukiwa. Ukitoka pembeni kuna mtaro. Kutoka mbele sauti zilipokezwa mtu kwa mtu, "Shimo!", "Gari!", na kwa kila sauti nilitafuta nguzo bila kuiona, maana baada yake huenda mtu angesimama. Vidole vya miguu vilianza kufa ganzi. Nilipindisha kisigino, nikapindisha tena, jasho likiingia machoni, na chuma kikakataa kama mlango uliofungwa kwa nje. Niliwaza kwamba nikianguka mbele ya papa basi na ndoa imeanguka. Niliwaza pia kwamba nikimwambia, itaanguka vile vile. Ni mzee gani angekwenda kumsifu fundi aliyefungwa na baiskeli yake mwenyewe?

Kisha maman akageuka akapiga kelele, "Chapelle! Chai!"

Pale palikuwa na kanisa dogo la matofali kwenye njia panda, na benchi chini ya ukuta wake. Walishuka wote, wakalaza baiskeli kwenye majani, wakatoa vikombe. Hapo ndipo nilipoifahamu desturi yao, na laiti ningeulizia mapema. Chai ya kwanza humiminwa na mgeni, kwa mikono yake, akianza na mkubwa. Kabla hajamimina, hakuna anayekunywa.

Mimi nilikuwa bado juu ya baiskeli. Nikapita mbele ya benchi, nikazunguka kanisa.

"Alors, champion?" akaita maman, chupa ya chai mkononi. "Kuya umimine!"

"Nakuja, maman. Nafanya récupération, napumzisha miguu," nikasema, nikapita.

Mzunguko wa pili, vikombe vilikuwa vimenyooshwa. Wa tatu, Mrundi akauliza kama ninahesabu matofali, na watu wakacheka. Wa nne hakuna aliyecheka. Nyuso zao zilikuwa za watu wanaodharauliwa. Kwetu kijana akipita mara nne mbele ya wazee wenye vikombe vitupu, hilo si mchezo tena. Maman aliweka chupa chini.

Papa akainuka. Alikuja mpaka katikati ya njia, akanisubiri, na nilipofika akashika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine. Baiskeli ikasimama. Mimi nikabaki juu, miguu yote imenaswa, nimeshikiliwa kama mtoto anayefundishwa. Baiskeli ilianza kuinama upande wake, naye akaubeba uzito wangu.

"Sema," akaniambia kwa sauti ya chini.

Nikapindisha kisigino tena, bure.

"Tangu taa ya kwanza nakuangalia. Kilomètres vingt-cinq, njia nzima, nangojea useme. Sasa mikono inachoka. Nikuachilie?"

Nilitazama mahindi. Nilitazama ukuta wa kanisa. Hapakuwa na pa kwenda.

"Papa, nisaidie. Siwezi kutoka."

Akamwita Mrundi aje kunishika. Halafu yule mzee, rika la baba yangu, akapiga magoti barabarani mbele ya mguu wangu. Nilitaka ardhi inimeze. Mkubwa hapigi magoti mbele ya kijana. Alitoa ufunguo mdogo mfukoni, akagusa skrubu, akainua uso.

"Nani alikaza hivi?"

"Mie, papa."

"Technicien?"

"Mie mwenyewe."

Akalegeza mizunguko miwili, kisha akahamia upande wa pili. Nikapindisha kisigino, na mguu ukatoka kwa mlio mdogo, kla, basi. Nilimimina chai, nikianza naye. Maman alipokea kikombe chake akasema, "Nilifikiri tangawizi yangu ndiyo inakuogopesha," na hapo kila mtu akacheka, hata mimi.

Papa hakusema neno juu ya ndoa mpaka tulipofika mlangoni kwake. Alishuka, akafuta mikono.

"Siku shida itakushinda ndani ya nyumba na bibi yako," akasema, "utazunguka nyumba mara ngapi?"

Niliinama nikaitazama skrubu ya pedali.

"Bon. Samedi ijayo vaa veste na tai. Tutaenda kwao."

Siku hiyo nilimpa papa bahasha yenye nakala za diploma zangu. Sebuleni Molenbeek nilikaa katikati ya shangazi wawili kwenye kochi laini lililonimeza, nikisubiri aifungue. Akaiweka chini ya kiti. Alisimama akawaeleza habari ya kanisa dogo, vikombe, mizunguko minne, skrubu, hakuacha kitu. Shangazi walinitazama toka kushoto na kulia. Nilibanwa pale kuliko katika mahindi.

Baba wa mchumba alisikiliza bila kutabasamu. Kisha akauliza swali moja tu.

"Alisema kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake," papa akajibu. "Alichelewa, lakini alisema. Ndiyo maana nimekuya."

Yule baba akageuka kuelekea jikoni akaita walete chai.

Miaka imepita. Tulirudi Bukavu, nikajenga karakana kwa mikono yangu, na pampu nyingi za mji huu zimepita mezani kwangu. Lakini kuna siku kazi inanishinda, nami nazunguka uani nikijifanya napima mabomba. Mke wangu hutoka mlangoni akasimama, amekunja mikono.

"Ni mara ya ngapi hiyo?" huniuliza.

"Ya tatu," humjibu, kisha naingia ndani nimweleze.