Mdomo wa Madigadi

Mimi ni mtu wa haraka. Mama alikuwa akisema nilianza kutembea kabla sijajua kukaa vizuri. Ile methali ya haraka haraka nimeambiwa na watu wengi, na kila aliyeniambia nilitamani kumrushia spana. Sasa sijui ni shetani gani alinidanganya niwe fundi wa bodi, kazi ambayo gari moja linaweza kukuchutamisha mbele ya tundu la gurudumu kutoka asubuhi mpaka kiuno kikatike.

Katikati ya miaka ya tisini kazi hiyo nilikuwa nikiifanya Sotik, kwenye gereji ya mabati nyuma ya soko. Mwenye gereji alikuwa mzee Mkipsigis aliyejifunza ufundi kwenye karakana ya shamba la chai. Mimi ni Mkisii, kwetu ni ng'ambo ya mpaka wa wilaya, si mbali. Miaka michache kabla ya hapo kulikuwa na ubaya mpakani, nyumba zikachomwa, watu wakakimbia. Baadaye tukarudi kuuziana maziwa na ndizi kama zamani, lakini macho bado yalikuwa yanaulizana maswali. Na katikati ya hayo yote, mimi nikaenda kumpenda msichana wa Kipsigis, mwalimu wa nasari upande wa Bomet. Chakula kilinishinda. Nilitaka koito, yaani siku ile watu wangu waende kwao kumposa, na nilitaka iwe wiki hiyo hiyo.

Baba yake, mwalimu mkuu mstaafu, hakukubali wala hakukataa. Alimwambia binti yake, "Huyo nitamwangalia kwanza." Basi akaniangalia miezi minne bila mimi kumwona hata kivuli. Hayo mambo ya kuangaliwa yanaweza kumfanya mtu mzima alie.

Halafu Jumanne moja akaja mwenyewe gereji, na gari lake.

Lilikuwa Pijo 504 ya krimu, imepigwa nta mpaka unaweza kunyolea ndevu mlangoni. Shida yake ilikuwa ndogo. Alikuwa ameweka tairi pana zaidi nyuma kwa sababu ya matope ya huko kwao. Gari likiwa tupu, hakuna neno. Lakini watu watatu wakikaa nyuma, kila shimo tairi lilikuwa linasugua mdomo wa madigadi, ile bati iliyokunjwa kwa ndani kuzunguka tundu la gurudumu. Tairi zilikuwa zimeanza kuchanika begani. Dawa yake ni kuulaza huo mdomo kabisa, uegemee juu kwa ndani, tairi lipate nafasi, na rangi ya nje isijue kama kuna kitu kimetendeka.

"Huo mdomo ukunjeni," mwalimu alisema. Alikuwa anazungumza na mzee lakini ananitazama mimi. "Lakini rangi hii ni ya kiwandani. Haijawahi kupulizwa na fundi yeyote, na sitaki ianze leo. Nitakuja kesho saa nane."

Hakunisalimia kwa mkono. Nilimwambia mzee, "Huyo ndiye baba yake." Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Basi hiyo si gari, kijana wangu. Hiyo ni mtihani."

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na baridi ile ya kwetu ya majani chai, ukungu umelala mpaka barabarani na chuma ukikishika kinauma. Mimi nilifika kabla ya kucha vizuri. Mzee naye aliitwa Kapsoit kutazama lori lililoharibika, na akiwa tayari ameshika mlango wa gari lililokuja kumchukua, akanipigia kelele:

"Anza na hiyo ya kushoto! Biga kwanza! Biga hiyo mdomo mpaka ilainike, halafu nikirudi tunasukuma na mti!"

"Sawa, mzee!"

Sawa gani? Nilitoa gurudumu, nikachukua nyundo ya mbao, nikaifunga kitambaa, nikaanza kupiga. Niliona najiangalia sana, haki. Nilipiga polepole, nikiwa nimeweka mkono wa kushoto upande wa nje nisikie chuma kinavyojibu. Kilikuwa kinajibu kwa ukali, lakini mimi nilikuwa nawaza koito, nawaza mjomba yupi nitamtanguliza na yupi nitamficha kwa sababu ya mdomo wake. Nikaongeza nguvu kidogo. Nikasikia *ta*, sauti ndogo sana, na kitu kikanidondokea kwenye kiatu.

Kilikuwa kipande cha rangi ya krimu, upana wa ukucha. Nilizunguka nje nikatazama. Pale juu ya tairi rangi ilikuwa imepasuka kama ganda la yai, na katikati bati tupu linaniangalia.

Woi! Nilikaa chini kwenye matope. Niliogopa vile sijawahi kuogopa hata ule wakati wa kukimbia mpakani, na nasema hivyo bila aibu.

Mzee alirudi saa nne. Aliona uso wangu kabla ya kuona gari. Akainama, akagusa, akanyanyuka.

"Wewe! Umefanya nini?"

"Si ulisema nipige?"

"Bige? Nani alisema bige? Nilisema *bige*!" Na akanionyesha jiko, na birika kubwa jeusi lililokuwa juu yake, na magunia aliyokuwa ameyaweka pembeni tangu jana. "Maji moto! Unaweka gunia ya maji moto, rangi inalainika, ndiyo unakunja! Rangi baridi unabiga namna gani?"

Pika. Mzee alikuwa amesema pika. Kinywani mwake piga na pika lilikuwa neno moja, na siku zote nilikuwa najua hivyo, na siku zote nilikuwa namuuliza, "Ya moto au ya nyundo?" tunacheka. Isipokuwa siku hiyo.

"Uwe unasema vizuri, mzee!" nikafoka.

"Na wewe uwe unauliza! Wewe mwenyewe ukitaka kulala unaniambia unaenda *kurara*, nimewahi kukupiga?"

Hapo hata yeye alitamka "kupiga" sawasawa, na hasira ikanizidi kwa sababu sikuwa na mahali pa kuipeleka. Nilitoka nje, nikazunguka gereji mara tatu, nikarudi.

Tulifanya kazi iliyobaki kama ilivyotakiwa kufanywa tangu mwanzo. Tulirudisha gurudumu. Tukachovya gunia kwenye maji moto, tukalifunga juu ya madigadi, tukangoja, tukabadilisha jingine, mpaka ukiweka kiganja kwenye rangi unavumilia kwa shida. Hapo tukaingiza mti wa mkalitusi uliochongwa ukawa laini, kati ya tairi na mdomo. Mimi niliushika, mzee akasukuma gari hatua moja, akalirudisha hatua moja. Mti unajiviringisha juu ya tairi na mdomo unapanda kidogo, unene wa kadi. Gunia tena. Hatua moja tena. Nilitaka kupiga mayowe. Lakini upande wa kulia ulilala wote bila mkwaruzo, na wa kushoto ukalala vilevile, ukiacha kile kidonda changu.

Saa saba mzee aliniambia kwa upole, "Mpuliza rangi wa hapo chini ana krimu kama hiyo. Nusu saa tu. Mwalimu hataona."

Nilijua ni kweli. Nilichukua hatua kumi kuelekea kwa huyo mpuliza rangi, nikasimama. Nikaenda tena, nikasimama. Mtu angeniona angedhani nimelewa. Ukweli ni kwamba mimi siwezi kukaa na kitu moyoni. Ningemwoa yule msichana, halafu kila Krismasi ningekuwa nakaa mezani kwa babake nikiangalia dirishani gari limesimama wapi. Nikarudi.

Mwalimu alifika saa nane kamili. Hata sikumwacha afike kwenye gari.

"Mwalimu, nimeharibu rangi yako. Upande wa kushoto. Nilipiga kabla ya kupasha moto. Ni mimi, si mzee."

Alichuchumaa, akapitisha kidole kuzunguka tundu, ndani na nje, muda ambao ningeweza kupanda chai na kuichuma. Halafu akasimama akajipangusa magoti.

"Gari tupu halisemi kweli," akasema. "Endesha wewe. Tukatafute mzigo."

Nikaendesha. Kila njia panda alisema kushoto au kulia, basi, mpaka tukaingia kwenye boma ambalo sikuwa nimewahi kulikanyaga. Walitoka wazee watatu, wote ndugu zake, wanene kweli, wakainamia kile kidonda cha rangi, kisha wakajipanga kiti cha nyuma. Gari likashuka. Akaniambia nipite barabara ya mashimo, na nikapita, masikio yangu yote yakiwa nyuma. Shimo la kwanza, kimya. La pili, kimya. Tairi halikugusa.

Ndipo mmoja wa wale wazee akauliza kwa Kikipsigis, akidhani sielewi, "Ndiye huyu aliyeharibu rangi?"

Mwalimu hakugeuka. Akajibu kwa lugha hiyo hiyo, "Ndiye huyu aliyeniambia."

Kisha akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Watu wako wanaweza kufika Jumamosi, ama ni haraka sana?"

Nikakosa gia, gari likazima katikati ya barabara.