Wimbo wa Fidla Niliouchagua Thika

Nilifunga ndoa wakati wa emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni. Baba yangu alikuwa kizuizini, na hatukujua ni kambi gani. Kijijini kwetu Gitothua, pale Ruiru, ngoma na nyimbo zetu zilikuwa zimekatazwa. Gadi, mlinzi wa serikali kijijini, akisikia wanawake watatu wakiimba, kwake hicho ni kiapo cha waasi. Baba ndiye angenipigia wandindi, ile fidla yetu ya waya mmoja. Bibi harusi aende kanisani bila muziki wa baba yake! Niliona aibu, tena nilikuwa na hasira.

Padri wa misheni ya Thika, Mwairishi mwekundu kama nyanya, alikuwa na fidla yake. Alisema atatupigia nyimbo za kwao, kwani hizo hakuna gadi angezishuku. Basi mimi na mama tukatoka Ruiru kwa miguu, vibali vya kusafiria mkononi, kwenda kuchagua.

Wa kwanza ulikuwa wa haraka. Miguu ya mama ikaanza kucheza yenyewe, akaikemea. Nikaukataa, maana wanawake wangeucheza na gadi wangepata sababu. Wa pili ulipita tu. Wa tatu ulianza chini, polepole, ukapanda, ukatetemeka pale juu, na pale juu nikamsikia baba. Hivyo hasa ndivyo alivyokuwa akivuta uta wake.

"Huu, Fadha."

Akashusha fidla. "Huu si wa harusi, binti yangu. Kwetu tunawalilia wafu nao."

Mama akaruka. "Ngai! Unamlilia baba yako na hajafa? Unataka kumuua?"

Nilijua. Kwetu kumlilia mtu aliye hai ni kuyaita mauti mlangoni kwake. Lakini nilikuwa mkaidi, na nilimtaka baba kanisani kwa njia yoyote.

"Piga huo huo, Fadha."

Mama alitembea mbele yangu hadi Ruiru. Siku ya harusi wanawake hawakujua wapige vigelegele wapi, na mama alitazama sakafu tu. Nilisimama kando ya mume wangu nikimwomba Mungu asimchukue baba kwa ajili ya ukaidi wangu. Tangu siku hiyo, kila gari liliposimama karibu na nyumba, nilitoka mbio nikidhani limeleta habari za kifo chake.

Akarudi. Alikuwa amekonda, mifupa mitupu, lakini akarudi. Baada ya chai akauliza, "Walikupigia nini?"

Nikamwimbia bila maneno. Akaichukua wandindi, akautafuta wimbo mpaka akaupata.

"Kumbe Wazungu nao wana wimbo mzuri wa harusi," akasema.

Mama alinitazama. Nikakusanya vikombe, naye akanisaidia.

Baba aliupiga katika kila harusi ya Gitothua mpaka akazeeka. Watu wakauita wake. Mabibi harusi walipita mbele yangu wakitabasamu, nami nikipiga makofi huku roho ikiniuma, nisithubutu kumwambia baba ukweli.

Siku tuliyomzika baba, mama alikuwa ameshakufa. Nilimwomba binamu yangu, aliyefundishwa na baba, aupige kaburini. Wazee wakanijia juu.

"Una wazimu? Huo ni wa harusi!"

Nilijaribu kuwaeleza, wakasema ni uchungu unaosema. Binamu akairudisha wandindi kwenye mfuko wake, na tukamfukia baba bila wimbo.