Sabini Elfu kwa Vyumba Vitatu

Mwanangu hataji bei kwa simu. Mtu akipiga akasema ana nyumba ya kusafishwa, yeye humsikiliza, humshukuru, kisha huomba saa ya kwenda kuiona. Wengine hukasirika, wakamuuliza kwani nyumba ni mchumba mpaka aende akaonyeshwe. Yeye hucheka, lakini habadilishi. Akifika hapotezi muda sebuleni. Huenda moja kwa moja jikoni, hupitisha kidole juu ya kabati mahali pasipoonekana, halafu hutazama dari. Akitoka hapo bei anayo kichwani, na ikishamtoka mdomoni haipandi, hata akute nini nyuma ya jokofu.

Ana miaka ishirini na saba, na ndiye mtoto wangu wa kwanza. Kifua kilianza kumsumbua akiwa hajatimiza miaka miwili. Najua sauti zake zote: ile ya mafua tu, ile ya filimbi ndogo, na ile ya kunyamaza, ambayo ndiyo mbaya. Aliponiambia anaacha kuuza katika duka la watu aanzishe kazi ya kusafisha nyumba, nilimuuliza kama kazi zimeisha duniani mpaka mwenye pumu achague vumbi. Akasema vumbi analijua kuliko mtu yeyote, kwa hiyo atalimudu. Alianza na ndoo mbili, brashi, mpira wa kukaushia vioo, na mashine ya kufyonza vumbi aliyoinunua kwa mtu, ikinguruma kama lori linalopanda mlima. Kitu kimoja tu alinunua kipya: barakoa ya mpira, ile yenye machujio mawili mashavuni. Machujio hayafuliwi. Yakijaa yanatupwa, na jozi mpya si bei ya mchezo. Kwa hiyo kila kazi huiwekea kwanza fedha ya machujio, glavu na sabuni, ndipo afikirie faida. Siku moja nilimwambia ana bei kali, atafukuza watu. Akanijibu, "Mama, kifua changu kimo ndani ya bei. Nikishusha, nashusha wapi?"

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe. Sina la kujitetea.

Siku simu ilipoita, yeye alikuwa juu ya ngazi nyumbani kwa mwalimu mmoja, anasafisha madirisha, na simu ya kazi alikuwa ameniachia mimi chini nilikokuwa nakamua matambara. Aliyepiga alikuwa dalali, mtu anayepangisha nyumba za wengine. Alitaka nyumba ya vyumba vitatu isafishwe Jumamosi, wapangaji wapya waingie Jumapili. Nikamwambia tutakuja kuiona. Akasema hana muda huo, kuna kampuni imemwambia tisini, na kama sisi hatutaki tuseme mapema asiendelee kumaliza salio. Wiki ile kazi yetu ilikuwa ile moja tu ya madirisha. Nilitazama juu nikaona soli za viatu vya mwanangu. Nilitaka kumwita. Nikaogopa dalali atakata. Nikasema sabini elfu.

Alikubali haraka mno. Nusu ya fedha iliingia kwenye simu kabla sijamaliza kukamua tambara nililokuwa nimelishika, na wepesi ule ungetosha kunishtua.

Mwanangu hakunigombeza. Alishuka, akaniuliza jiko likoje. Nikasema sikuuliza. Akaniuliza waliohama walikuwa wanafanya kazi gani. Nikasema hilo pia sikuuliza. Akampigia dalali mara mbili, hakupokea. "Basi, mama," akasema, "umeshasema." Afadhali angenigombeza.

Jumamosi tulikwenda watatu, mimi, yeye na shangazi yake. Huyu ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na huja kutusaidia siku za kazi kubwa. Hajawahi kuniheshimu tangu niolewe, wala mimi sijamheshimu, na hivyo ndivyo tunavyopendana. Kuhusu vyumba dalali hakudanganya. Vilikuwa karibu safi, na wifi akaanza kuimba. Kisha mwanangu akafungua mlango wa jikoni.

Waliohama walikuwa wakipika chakula cha kuuza maofisini, kwa mkaa, humo ndani, kwa miaka sita. Jirani ndiye aliyetuambia, kupitia dirishani, bila kuulizwa. Dari ilikuwa nyeusi, na weusi wenyewe ulikuwa na mafuta, umening'inia kwenye pembe kama nywele. Ukuta ukiugusa ulikushika.

Wifi alitazama juu, akanitazama mimi. "Wifi, siku nyingine simu ikiita, wewe sema umekufa."

Nilicheka kwa sababu machozi yalikuwa karibu. Mwanangu hakucheka. Alikuwa anagonga machujio ya barakoa kwenye kizingiti. Yalikuwa ya kazi iliyopita, yamegeuka rangi ya majivu. Ile nusu ya dalali ilikwisha kwenye sabuni ya mafuta, ngazi ndefu ya kukodi na nauli. Nikamwambia nina fedha kidogo ya matumizi ya nyumbani, nikimbie nikanunue mapya. Akasema duka linaloyauza liko mwisho wa mji, nikirudi itakuwa adhuhuri, na dari ile haiwezi kuanzwa adhuhuri ikaisha. Yatavumilia leo. Mimi, mama yake, ninayejua sauti zake zote, nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Masizi huondolewa kuanzia juu. Alikuwa ananyunyiza maji ya sabuni, anangoja yalainike, kisha anakwangua kwa kisu kipana. Yaliyolowa yalidondoka vipande vipande. Karibu na dirisha yalikuwa yamekauka, maji hayakushika, yakawa yanaruka unga. Mimi nilikuwa chini nasugua vigae, lakini masikio yangu yalikuwa kwake. Saa nne nilisikia filimbi. Nikamwambia ashuke. Akasema amalize upande ule kwanza. Saa tano filimbi ikanyamaza.

Nilijua kabla hajageuka. Alishuka akikumbatia kila kidato, na wifi akamdaka kiunoni. Tukamtoa nje, tukamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akavuta dawa yake mara moja, mara ya pili, mabega yamepanda mpaka karibu na masikio, macho yamenikazia mimi kama mtoto anayefundishwa kutembea. Rangi ya midomo yake sipendi kuieleza. Wifi alimsugua mgongo. Sijui ilikuwa muda gani. Baadaye wifi alisema robo saa.

Pumzi ziliporudi, kila neno lilikuwa linamtoka peke yake. Nikaingia ndani nikampigia dalali, na safari hii alipokea. Nikamwambia hakutaja jiko lile, na kwamba bei ni lazima iongezeke au tuondoke. Aliongea nami kwa adabu kabisa. "Mama, mimi nilisema vyumba vitatu, wewe ukasema sabini. Nilikushika mkono?" Hakunishika mkono.

Nilitaka tukusanye vitu twende. Mwanangu akatikisa kichwa. Fedha ya mtu tumeshaila, na kesho kuna watu wanaingia na watoto. Basi tukamalizia wawili, mimi na wifi. Nilivaa ile barakoa. Mimi kifua changu ni kizima, lakini baada ya dakika kumi nilikuwa naiinua pembeni kuiba hewa, maana kupumua ndani yake kulikuwa kama kupumua kupitia blanketi. Yeye alikuwa ameivaa tangu saa mbili. Sasa alikuwa amekaa nje ya dirisha akituongoza kwa mkono: juu zaidi, kushoto, pale bado. Wifi alimwambia amekuwa kama askari wa barabarani asiye na filimbi, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Dalali alikuja saa kumi. Alisimama katikati ya jiko, kichwa amekirudisha nyuma, akasema hakujua dari ile ilikuwa nyeupe. Akatufuata uani kwa furaha. Ana nyumba kumi na moja, akasema, na hakuna mwezi unaopita bila mtu kuhama. Atatupa zote. Bei iwe hii hii ya sabini, iwe kubwa iwe ndogo, hakuna kubishana.

Kwa watu kama sisi, hiyo ni kulala bila kuwaza kodi. Nilimuona mwanangu akitafakari. Alifungua mdomo, na kabla pumzi haijamtosha kusema neno la kwanza, nikasema hapana. Nikamwambia dalali kila nyumba tutaiona kwanza, tuanzie jikoni, na kila moja itakuwa na bei yake.

Hakunitazama mimi. Aliuliza bosi ni nani hapa. Wifi akamwambia bosi ni huyo aliyekalia ndoo. Sote tukageuka, tukangoja pumzi yake ifike.

"Kama alivyosema mama," mwanangu akasema.

Dalali akatoa nusu iliyobaki, akasema atapiga. Hajapiga.

Tulirudi polepole, wifi amebeba ngazi, mimi mashine. Wifi alipokata kona ya kwao, tukabaki wawili. Mwanangu alisimama kwenye ukuta wa shule kupumzika, akasema bila kupandisha sauti, "Umesema tena bila kuniuliza."

Nikamjibu ni kweli.

"Nilikuwa nataka kumwambia mia na ishirini elfu kwa kila nyumba. Pengine angekubali."

Pengine. Yeye ndiye anayejua bei, na mimi siku ile sikuwa nawaza bei. Nilikuwa bado naiona midomo yake. Nilitaka kumweleza hivyo, nikaona ni kama kujitetea, nikamshika tu mkono tukaendelea.

Hospitali wamemkataza masizi na dawa kali kwa mwezi mzima. Wifi amenuna, maana siku zake za kazi zimekatika pamoja na zetu, na wiki iliyopita alipita kwenye nyumba moja ya dalali akaona wasichana wawili wanaingiza ndoo, wamejifunga vitambaa puani. Alinieleza mimi, na mimi sikuthubutu kumweleza mwanangu. Mashine ya kufyonza vumbi imesimama nyuma ya mlango. Yeye ananisemesha vizuri, lakini simu ya kazi analala nayo chini ya mto.

Asubuhi akiamka hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Mimi husimama upande wa pili wa pazia, sufuria mkononi, mpaka nisikie pumzi imeingia hadi mwisho. Ananijua.

"Niko hai, mama," husema. "Endelea na kazi zako."

Naendelea.