Henriette Hakutaka Bomba

Watu husema Henriette Kasoki alimkosesha mume wake kadi. Hata mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti kubwa, maana mume mwenyewe ni kaka yangu Laurent. Acheni niwaeleze ilivyokuwa, halafu mnihukumu na mimi.

Mwaka 1954 Laurent alikuwa karani hapa Goma, na alikuwa anaomba kadi ya wastaarabu, ile Wabelgiji waliyowapa Wakongo wachache. Mwenye kadi ile hachapwi fimbo, na mtoto wao Honoré angeweza kukubaliwa kwenye shule nzuri. Kilikuwa kitu cha kutafutwa, nisidanganye. Lakini kabla ya kukupa, Wazungu walikuja kwanza kukagua nyumba yako: choo, mapazia, uma mezani, mke anavyokaa. Basi mwaka mzima Henriette aliishi kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani. Akiona vumbi, moyo unamdunda. Akimimina chai, mikono inatetemeka. Usiku halali. Muuguzi wa dispensari alimpa vidonge, vikamlaza mchana na kumwacha macho usiku.

Ndipo akaamua kujitibu mwenyewe. Alivitupa vidonge chooni, akaacha kahawa ya kujionyesha kwa wageni, akarudia uji wa ulezi. Kila alfajiri alichukua kibuyu akashuka ziwani, peku juu ya mawe meusi ya volkano, nusu saa nzima. Alisimama majini hadi magotini, akapumua taratibu, hana neno na mtu, kisha akapanda na maji kichwani akiimba nyimbo za kwao Butembo. Jioni alizima taa mapema. Mwezi haukuisha, akawa analala fofofo.

Na bomba la maji lilikuwa hatua ishirini tu kutoka mlangoni petu, maana nami nilikaa kwao. Serikali imelileta, majirani wanalipangia mstari, yeye analipita na kibuyu chake. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Mke wa karani kuchota maji ya ziwa kama mshamba! Nilimwambia hivyo hivyo.

"Mulamu," akanijibu, ndivyo kwao wanavyomwita ndugu wa mume, "weye unalala muzuri. Usinifundishe mambo ya usingizi."

Sikio la kufa halisikii dawa, niliendelea kumsema.

Juma la ukaguzi lilipofika, Laurent alimwomba jambo moja: siku tatu tu asiende ziwani. Akakubali, kwa kuwa alimpenda. Jumanne hakulala. Jumatano akavunja sahani mbili kati ya zile tulizoazima kwa jirani. Niliogopa kesho yake atavunja nini, na niliogopa zaidi kwamba atatoroka kwenda zake ziwani. Jioni ile nikakificha kibuyu chini ya magunia ya maharagwe. Nikajiona mwerevu.

Alhamisi asubuhi Wazungu wawili walifika mapema kuliko walivyosema. Meza ilikuwa tayari: kitambaa cheupe, uma, visu, sahani zilizobaki. Katikati, mahali pa bakuli kubwa la supu, lile la maua ya bluu nililoliazima kwa kuapa kulirudisha zima, hapakuwa na kitu. Na Henriette hayupo. Laurent akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Kisha tukamwona akipanda njia. Peku, gauni limelowa hadi magotini, na bakuli la supu kichwani, limejaa maji ya ziwa, halimwagi hata tone.

Yule Mzungu mkubwa kwa umri alimsimamisha mlangoni, akaonyesha bomba kwa kidole, akamwuliza sababu kwa Kiswahili chao cha amri. "Robine iko pale. Juu ya nini unaenda kuchota ku ziwa?"

"Robine inatoa maji tu, bwana," Henriette akasema. "Miye nafwata usingizi."

Akapita katikati yao, akaliweka bakuli mezani, mahali pake. Mikono yake haikutetemeka. Niliiangalia kwa makusudi.

Mzungu akamgeukia kaka yangu. "Laurent, mukataze. Sasa hivi, mbele yetu."

Hapo nilimwomba Mungu kaka yangu aseme neno moja tu. "Acha" lingetosha. Nilikuwa nimeshamwona Honoré amevaa viatu vya ile shule. Laurent akamtazama mke wake, kisha akamtazama Mzungu.

"Nilimukataza siku tatu, bwana," akasema. "Siwezi kurudilia."

Barua ilikuja baada ya majuma matatu. Laurent alitusomea kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili: ombi limekataliwa, maana mwombaji ameshindwa kuitawala nyumba yake. Nilikuwa na hasira. Nilingoja na yeye ammwagie mke wake hasira zake.

"Wanasema ulishindwa," Henriette akamwambia. "Na weye unasema je?"

Laurent aliikunja barua polepole. "Nyumba yangu haiko koloni," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Siku zile mtu alifungwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Niliruka nikafunga dirisha. Henriette akainuka, akalifungua tena.